Mwanafunzi Aendapo kwa Wahadzabe: Ziara ya Mafunzo na Wajibu wa Msomi



Mada niliyopewa ni ziara ambazo wanafunzi wa vyuo hufanya kwa jamii za asili, kwa nia ya kujifunza na kutoa msaada. Mada hii ina upana wa Afrika nzima. Mimi nitakaa mahali pamoja, kwenye Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, kwa ndugu zetu Wahadzabe. Nimewachagua kwa sababu wamepokea wageni wengi sana kwa kulinganisha na uchache wao, na kwa sababu maamuzi mengi kuhusu maisha yao hufanywa na Watanzania waliopita katika kumbi za mihadhara kama ukumbi huu.

Hoja yangu nitaisema mapema ili mnipime nayo. Msaada mkubwa ambao mwanafunzi anaweza kuwapa Wahadzabe haubebwi kwenye basi siku ya safari. Huja miaka kumi au ishirini baadaye, mwanafunzi huyo akiwa ofisa ardhi, mwalimu, hakimu, daktari au diwani, na faili la watu hawa likiwa mezani pake. Ziara ya mafunzo ni maandalizi ya siku hiyo. Ikiandaliwa vibaya, tutakuwa tumezalisha ofisa anayedhani anawajua watu kwa kuwa alipiga nao picha.

Watu na nchi yao

Wahadzabe ni zaidi kidogo ya watu elfu moja. Wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, katika wilaya za Karatu, Mbulu, Mkalama na Meatu. Lugha yao, Kihadzane, ina sauti za kidoko, lakini wanaisimu hawajaweza kuthibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote duniani. Majirani zao ni Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu, ambao wamebadilishana nao mali na kuoana nao kwa vizazi vingi. Wahadzabe wengi wanazungumza Kiswahili, na jambo hilo nitalirudia, maana lina uzito mkubwa kwetu.

Si Wahadzabe wote wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Wapo wanaolima, wanaofanya vibarua katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, wanaosoma na walioajiriwa. Hata hivyo, pori limebaki ghala la chakula la familia nyingi: asali, ubuyu, matunda ya vichakani, mizizi na nyama. Kambi ya kawaida ina watu ishirini hadi thelathini, na huhama kufuata maji, matunda na wanyama. Hakuna chifu wa kuamuru. Mtu asiyeridhika na wenzake huchukua upinde wake na kwenda kambi nyingine, na hakuna wa kumzuia. Mtafiti Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwaonyesha wasomi wa dunia kwamba usawa huu una misingi yake: chakula hugawanywa kambini, zana za kazi kila mtu huweza kujitengenezea, na uhuru wa kuhama humnyima yeyote nafasi ya kuwatawala wengine.

Naomba mwanafunzi alifahamu hilo kabla hajapanda basi, kwa sababu swali la kwanza la wageni wetu wengi huwa ni "Mkubwa wenu nani?" Asipopatikana mkubwa, mgeni humteua yeyote anayesema Kiswahili kwa ufasaha, humkabidhi bahasha, na hapo hapo huwa ameshapanda mgogoro kambini.

Misaada iliyotangulia

Kila anayefikiria kuwasaidia Wahadzabe anatakiwa ajue kwamba wengi wamemtangulia. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilijaribu kuwafanya wakulima mwaka 1927, ikajaribu tena mwaka 1939. Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, serikali yetu kwa kushirikiana na wamisionari iliwakusanya Yaeda Chini. Walipewa nyumba, chakula na mafunzo ya kilimo. Kukaa wengi mahali pamoja kukaleta magonjwa. Wapo waliougua na kufa, na waliobaki wakarudi porini, mmoja mmoja na familia kwa familia. Majaribio mengine yalifuata katika miongo ya baadaye, nayo hayakufaulu kuwageuza wakulima wa kudumu.

Waliopanga mipango hii walikuwa na nia njema, na wengi walifanya kazi kwa bidii. Kosa lilikuwa katika mwanzo wa hesabu yao: waliyaona maisha ya Wahadzabe kama pengo la kujazwa. Katika hesabu hiyo mtu asiye na shamba ni mtu asiye na kitu. Lakini mwaka wa ukame, shamba la mahindi hunyauka huku mbuyu ukiendelea kuzaa na mizizi ikiwa imejificha ardhini. Mpango ambao hauhesabu mbuyu ule na mizizi ile kuwa mali utaishia kuwanyang'anya watu akiba yao, huku ukiamini kwamba unawaletea maendeleo.

Wanafunzi wangu, nguo za mitumba, pipi na madaftari tunayopeleka leo yanatoka katika hesabu ileile. Yanaanza na swali la wanachokosa, na kumwacha mwanafunzi akiwa hajauliza walichonacho, nani anakitishia na kwa sheria gani.

Ardhi ndiyo kiini

Ukikaa nao ukasikiliza, mazungumzo hurudi kwenye ardhi. Mifugo ya majirani inapoingia bondeni hula majani na kumaliza maji ya chemchemi, wanyamapori wakahama. Mashamba yanapopanuka, mibuyu na vichaka hukatwa, nyuki wakakosa maua. Mkulima na mfugaji nao wana watoto wa kulisha, na sisemi haya ili kuwafanya maadui. Nasema kwamba katika mpangilio ambao matumizi ya ardhi huonekana kwa jembe, zizi au nyumba ya bati, mtu anayetumia ardhi bila kuiacha na kovu huonekana kana kwamba haitumii.

Mwaka 2007 jambo hili lilifika hadi kwenye vyombo vya habari vya kimataifa. Kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilipewa ruhusa ya kuwinda katika Bonde la Yaeda. Wahadzabe walipinga, watetezi wao ndani na nje ya nchi wakapaza sauti, na kampuni hiyo ikajiondoa. Mwaka huohuo, tarehe 13 Septemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, na Tanzania ikapiga kura ya kuliunga mkono. Msimamo wetu kitaifa umekuwa kwamba Waafrika wote ni wenyeji wa asili wa bara hili, na wanasheria wataendelea kuujadili. Ila kanuni moja ya Azimio lile haihitaji kusubiri mjadala huo uishe: jamii iombwe ridhaa yake kwa hiari, mapema, na baada ya kupewa taarifa kamili.

Ushindi mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2011, na ulikuja kwa karatasi. Kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa msaada wa asasi ya Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo iliandikwa kwa jina la jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja, ili pasiwe na mwenye njaa wa siku moja atakayeuza urithi wa wote. Juu ya msingi huo ukajengwa mradi wa biashara ya hewa ya ukaa: misitu inalindwa, mapato yanarudi vijijini, na yanalipia askari wa doria, ada za shule na matibabu.

Tazameni kilichofanya kazi hapo. Ni sheria ya Bunge letu, wapimaji, mikutano ya vijiji na majirani waliokubaliana juu ya mipaka, pamoja na maofisa walioelewa kwamba kukusanya mizizi nako ni kutumia ardhi. Ofisa wa namna hiyo huandaliwa, na chuo ni mahali pa kumwandaa.

Somo lenyewe

Sasa tuulize mwanafunzi akajifunze nini. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni kina mama wanaochimba mizizi. Hutoka kambini pamoja, wengine na watoto mgongoni, wakiwa na fimbo zilizochongwa ncha na kukomazwa kwa moto. Penye mtambaa wa kiazi pori, mama hugonga ardhi na kusikiliza. Mlio wa ardhi humwambia kama chini kuna kiazi kinachostahili jasho. Kisha huchimba kati ya mawe, akiyang'oa moja baada ya jingine, hadi mkono uzame mpaka kwapani. Mizizi huchomwa kidogo motoni, humenywa, hutafunwa, na makapi hutemwa. Wanaochimba kwa juhudi kubwa ni pamoja na bibi waliokwisha pita umri wa kuzaa. Kutokana na kazi ya bibi hawa, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walijenga hoja inayofundishwa leo duniani kote: huenda binadamu amejaliwa maisha marefu baada ya umri wa kuzaa kwa sababu bibi aliwalisha wajukuu, na wajukuu wa bibi mchapakazi wakapona.

Mfano wa pili ni ndege mlembe, anayewaongoza watu kwenye asali. Mhadzabe hupiga mluzi, mlembe huitikia na kuruka mti hadi mti, mtu akimfuata mpaka kwenye mzinga wa porini. Mzinga ukiwa juu ya mbuyu, mrina asali hupigilia vigingi vya miti kwenye shina, akipanda kigingi kimoja na kupigilia kinachofuata, mkononi ameshika kijinga cha moto cha kuwafukizia nyuki moshi. Tafiti zilizofanywa na Brian Wood na Claire Spottiswoode, zilizochapishwa mwaka 2023, zilionyesha kwamba mlembe wa Eyasi huitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe kuliko mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, na mlembe wa kule huitikia zaidi mwito wa Wayao. Ndege na watu wamejifunza kuelewana mahali kwa mahali.

Wengi wetu tulikua tukisimuliwa kwamba anayemnyima mlembe fungu lake, safari ijayo ataongozwa kwa simba. Mwanafunzi aliyelelewa kwa hadithi hiyo atashangaa kuona Wahadzabe mara nyingi wakizika au kuchoma masega yaliyobaki. Wana sababu: ndege aliyeshiba haongozi mtu, na mwenye njaa ataendelea kuita. Pale ndipo elimu inapoanza. Mwanafunzi anaweza kuandika kwenye daftari lake kwamba watu hawa wana choyo, au anaweza kuuliza, akasikiliza, na kugundua kwamba hadithi yake ya utotoni haikuwa sheria ya Afrika nzima. Akijifunza kufanya hivyo kwa ndege, ataweza kufanya hivyo kwa ardhi, kwa shule na kwa hospitali.

Hapa narudi kwenye Kiswahili. Vitabu vinavyotajwa zaidi kuhusu Wahadzabe viliandikwa na wageni waliovuka bahari. Kitabu cha Frank Marlowe cha mwaka 2010 ni mojawapo. Nawaheshimu kwa miaka waliyojitolea. Lakini sisi tuna raia wenzetu ambao tunaweza kukaa nao chini ya mti mmoja na kuelewana bila mkalimani, na bado tunasoma habari zao kwa Kiingereza. Maabara za ng'ambo zimepima nguvu wanayotumia mwilini kwa siku na bakteria wa matumboni mwao. Mhadzabe akiuliza matokeo yalikuwa nini, anastahili jibu kwa lugha anayoielewa, na hapa nchini sisi ndio wa kulitoa.

Ziara zinavyoharibika

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ziara nyingi mwenyeji haponi. Karibu na Mang'ola, magari ya watalii hufika alfajiri. Wageni hufuatana na wawindaji kwa saa chache, hujaribu upinde, hupelekwa kwa wafua chuma wa Kidatoga, na kabla jua halijawa kali wameshaondoka. Fedha taslimu huachwa mikononi mwa wachache. Watafiti na Wahadzabe wenyewe wameeleza jinsi fedha hizo zinavyoishia kwenye pombe, na pombe kuzaa ugomvi, magonjwa na njaa kwa watoto. Mwanamume aliyekuwa akirudi na asali sasa humsubiri mgeni kambini.

Mwanafunzi akifuata njia hiyohiyo, anakuwa mtalii mwenye barua ya chuo. Basi moja la wanafunzi hamsini linapoingia kwenye kambi ya watu ishirini na tano, wenyeji wanakuwa wachache nyumbani kwao. Maji ya kunywa yanagombaniwa, watoto wanazungukwa na simu, wazee wanaombwa wacheze ngoma mchana. Lakini ngoma yao ya epeme huchezwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na ina miiko yake. Kuiagiza mchana kwa ajili ya kamera ni kama kumwagiza imamu aswalishe ili mpige picha. Yapo mambo ya watu ambayo mgeni hana haki ya kuyaona, na kuyakosa nako ni sehemu ya mafunzo.

Masharti ya ziara njema

Napendekeza masharti ambayo idara yoyote inaweza kuyatekeleza kuanzia muhula ujao.

Ridhaa itangulie safari. Mwalimu aende kwanza, peke yake au na mwenzake, apite ofisi ya kijiji, kisha akae na watu wa kambi yenyewe, wake kwa waume. Aeleze nani wanakuja, wangapi, kwa siku ngapi na kufanya nini. Wakisema hapana, safari isifanyike, na chuo kisiwaombe mara tatu kama vile hapana ya kwanza haikusikika. Kama kuna utafiti, kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia kipatikane. Lakini kibali cha Tume hakiwezi kuchukua nafasi ya ridhaa ya kambini. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini waliandika kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti, wakidai heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu wao wa maamuzi. Walimu wetu wazisome pamoja na wanafunzi kabla ya kuondoka.

Idadi iwe ndogo. Wanafunzi wanane waliojiandaa kwa muhula mzima, wakasoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji na historia ya Yaeda Chini, watajifunza zaidi ya hamsini waliopewa mapumziko ya wikiendi. Waende na maji yao, chakula chao na mahema yao, na walale mahali watakapoonyeshwa.

Malipo yawe ya wazi. Mwenyeji anayefundisha ni mwalimu, na mwalimu hulipwa. Kiasi kikubaliwe mapema, kipitie mfuko wa jamii wenye stakabadhi, na kisomwe kwenye mkutano kila mtu akisikia. Kama wenyeji watataja kitu wanachohitaji, kama vile dawa za zahanati, nauli ya mwanafunzi wa sekondari au petroli ya pikipiki ya doria, chuo kichangie hicho. Wasipotaja, tusibuni mahitaji kwa niaba yao.

Picha isipigwe bila idhini ya anayepigwa, na ya mtoto isisambazwe kabisa. Mbinu za kutengeneza sumu za mishale, miti ya dawa na maeneo ya mizinga ni mali ya wenyewe. Daftari la mwanafunzi lisiyatoe hadharani bila ruhusa.

Mwisho, pawe na mrejesho. Kila ziara itoe ripoti fupi kwa Kiswahili chepesi, isomwe mbele ya wenyeji kabla ya kusahihishwa na mwalimu, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Wenyeji wawe na haki ya kusema "hapa mmekosea," na mwanafunzi abadilishe. Nitafurahi siku nitakayoona alama za mwanafunzi zikitegemea, kwa sehemu, neno la mama aliyemfundisha kuchimba.

Baada ya kurudi

Najua yupo atakayesema: kama masharti ni mengi hivi, kwa nini tusiwaache tu? Nimelifikiria pingamizi hili kwa makini, maana linatokana na heshima. Lakini Wahadzabe hawajaachwa na wala hawataachwa. Mipaka ya wilaya, bei ya vitunguu, sheria za wanyamapori, ukame, shule za bweni na soko la hewa ya ukaa vyote vinawafikia. Tukijitenga, maamuzi yataendelea kufanywa na watu wasiowahi kuwasikiliza. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na watu wake. Wahadzabe ni watu wetu, na msomi asiyejua habari zao ana pengo katika elimu yake ya uraia.

Kwa hiyo, wanafunzi, mkirudi kazi ndiyo inaanza. Anayesomea sheria aifuatilie hatimiliki ile na kuona kama mipaka inaheshimiwa. Anayesomea ualimu ajiulize kwa nini watoto wa Kihadzabe hutoroka bweni, na shule ibadilishe nini ili wabaki bila kupoteza lugha na ustadi wa wazazi wao. Anayesomea upimaji ajifunze kuliona pori linalotumika. Anayesomea uuguzi afikirie kliniki inayofuata kambi. Na atakayeingia siasa ajue kwamba kura elfu moja hazishindishi jimbo, lakini haki ya watu elfu moja ina uzito sawa na ya milioni.

Kwa uongozi wa chuo, ombi langu ni moja na linatekelezeka: ziara yoyote ya kwenda kwa jamii ya aina hii isiidhinishwe bila karatasi tatu kuwa kwenye jalada. Ya kwanza ni barua ya ridhaa kutoka kwa wenyeji, ya pili makubaliano ya malipo, na ya tatu tarehe ya kurudisha ripoti kijijini pamoja na jina la mwalimu atakayewajibika. Bila hizo, basi lisitoke getini.